Tarakimu za Kioo Zataka Karani

Msafiri atokaye Malindi kwenda kaskazini hufika mahali ambapo barabara hugawanyika. Moja hushika njia ya Hola na Garissa. Nyingine huelekea Garsen, ikavuka Mto Tana na kwenda zake Witu hata Lamu. Mahali hapo ndipo Minjila. Ni njia panda, na njia panda haikosi soko. Penye soko pana mizani, na penye mizani hapakosi ubishi.

Zamani ubishi huo ulikuwa na dawa yake. Aliyeuza kwa kibaba au kwa pishi alijaza chombo mbele ya macho ya mnunuzi, akakisawazisha kwa kiganja, na kila aliyesimama hapo aliona kama kimejaa au kimepunjwa. Pishi ni vibaba vinne, na hata mtoto alijua kuvihesabu. Ilipokuja mizani ya vitanga viwili mambo yalibaki hadharani vile vile: huku jiwe la ratili, huku bidhaa, na ulimi wa mizani katikati ukionyesha upande uliozidi. Hakuhitajika msomi. Macho ya mpita njia yalitosha kuwa shahidi.

Siku hizi mizani nyingi za kupimia pojo, mahindi, mchele na samaki hazina vitanga wala mawe. Zina sahani au ndoana, na kioo kidogo chenye tarakimu nyeusi. Gunia huwekwa, tarakimu zikacheza, zikatulia. Mwenye mizani akasoma kwa sauti, gunia likaondolewa, na kioo kikarudi sufuri. Kwa muda wa kupepesa jicho ushahidi wote umekwisha kufutika. Mkulima aliyeleta gunia lake kutoka Ngao au Tarasaa, ambaye pengine alisimama upande wa nyuma wa mizani, au macho yake hayaoni tena vitu vidogo, hubaki na neno la aliyesoma. Na neno la aliyesoma ni neno la anayenunua.

Hapo ndipo penye swali letu la leo. Je, yawezekana kukipa kile kioo msomaji wa pili, asiyechoka wala asiye na gunia lake sokoni, akasoma tarakimu zile zile na kuziandika? Mafundi wa elektroniki hujibu kwamba yawezekana, na kwamba chombo chenyewe chaweza kuwa kidogo kama kisanduku cha kiberiti. Kinaitwa maikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya chembe moja: ina pahali pa kuhesabia, pahali pa kumbukumbu, na miguu ya kuunganishia nyaya. Lakini kabla hatujamwajiri karani huyu, yafaa tujue anasoma vipi na anaweza kudanganyika wapi.

KIOO CHENYEWE NI NINI

Kioo cha namna hii huitwa LCD, na maana yake ni kioo cha fuwele za majimaji. Jina lenyewe ni kama kitendawili, kwani fuwele twaijua ni kitu kigumu kama chumvi ya mawe, na maji ni maji. Aliyeona ajabu hiyo kwanza alikuwa mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, aliyekuwa akifanya kazi Prague mwaka 1888. Alikuwa akichunguza dutu iliyotokana na karoti, akaona yayeyuka mara mbili: kwanza hugeuka majimaji yenye ukungu, kisha ikizidishiwa moto hutakata kabisa. Otto Lehmann, mwanafizikia wa Kijerumani, aliendelea na uchunguzi huo, akabaini kwamba yale majimaji ya ukungu hutiririka kama maji, lakini chembechembe zake hujipanga safu kama fuwele.

Kwa miaka takriban 80 jambo hilo lilibaki katika maabara. Mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani ilitangaza vioo vya kwanza vya aina hiyo, kazi iliyoongozwa na George Heilmeier. Mnamo 1970 Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, wakiwa Uswisi, wakapata njia bora zaidi ya kuyapinda yale majimaji kwa umeme. Mwaka 1973 kampuni ya Sharp ya Japani ikauza kikokotoo cha mfukoni chenye kioo hicho, na mwaka 1989 ikatoka saa ya mkononi ya Casio F-91W, ambayo hadi leo imo madukani na mikononi mwa watu.

Kioo hiki hakitoi mwanga wake chenyewe. Ni vipande viwili vya kioo vyenye majimaji kidogo sana katikati, na juu na chini pana utando unaochuja mwanga, mmoja ukiwa umekingama na mwenziwe. Umeme usipokuwapo, majimaji huusokota mwanga hata ukapata njia ya kupenya tando zote mbili, na pale pahali paonekana peupe. Umeme ukifika, msokoto hufunguka, mwanga hukwama, na pahali pale hugeuka peusi. Huo weusi ndio tarakimu. Kazi hiyo hula umeme mdogo sana, ndiyo maana betri ya saa huweza kukaa miaka.

VIJITI SABA

Tutazame sasa tarakimu moja ya mizani. Imeundwa kwa vijiti saba: kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini, viwili kulia na viwili kushoto. Moja ni vijiti viwili tu vya kulia. Saba ni vile viwili pamoja na cha juu. Nane ni vijiti vyote saba. Sufuri ni nane iliyonyimwa kijiti cha katikati.

Vijiti saba, kila kimoja kikiwa na hali mbili, ya kuonekana au kutoonekana, vyaweza kupangwa kwa namna 128. Katika hizo, kumi tu ndizo tarakimu. Hivyo fundi akishaifundisha maikrokontrola zile namna kumi, yoyote nyingine ikitokea chombo hujua kwamba hii si tarakimu. Pana waya uliolegea au kijiti kilichokufa. Ni kama mwalimu wa chuoni anayemsikiliza mwanafunzi: neno lisilokuwemo likitajwa hulikamata papo hapo.

Lakini kosa la hatari ni lile linalofanana na ukweli. Tuseme kijiti cha juu cha tarakimu ya mwisho kimekufa. Nane ikikosa kijiti hicho haifanani na tarakimu yoyote, na tisa kadhalika. Makosa hayo yatakamatwa. Saba ikikosa kijiti cha juu hugeuka moja safi kabisa! Gunia la kilo 87 litasomeka 81, na hakuna jicho la mtu wala la chombo litakaloona ubaya, kwa sababu 81 ni nambari halali. Kilo sita za pojo zimekwenda, na hakuna aliyeiba.

Ndiyo sababu mizani nyingi zikiwashwa huonyesha kwanza nane tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Wengi hudhani ni pambo. Hapo mizani huwa inaonyesha vijiti vyake vyote ili mtu avihesabu. Anayepeleka mali yake kupimwa ana haki ya kusema, "Bwana, hebu izime, kisha uiwashe tena nione." Na yule karani wa chembe moja naye afundishwe hivyo hivyo: asianze kuandika mpaka ameziona zile nane zote.

NGOMA MBILI

Sasa chombo hujuaje kama kijiti kimewaka, nacho hakina macho? Husikiliza umeme wa nyaya zinazoingia kiooni, na hapa pana jambo zuri la kulielewa.

Majimaji ya kioo hayapendi umeme wa upande mmoja. Ukiyapa umeme usiogeuka, huharibika, na kioo hufa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo umeme wake hugeuzwa huku na huku makumi ya mara kwa sekunde. Katika vioo sahili, kila kijiti kina waya wake, na nyuma ya vijiti vyote pana bamba moja la pamoja lenye waya wake. Fikiria wapiga ngoma wawili. Mmoja ni bamba la nyuma, mwingine ni kijiti. Wakipiga pamoja, huku juu na huku juu, huku chini na huku chini, basi kati yao hapana tofauti ya umeme na kijiti hakionekani. Wakipishana, mmoja juu mwenziwe chini, tofauti hutokea na kijiti hujitokeza cheusi. Basi maikrokontrola huunganishwa na nyaya hizo, ikasikiliza ngoma ya bamba, kisha ikasikiliza ngoma ya kila kijiti, na kujiuliza swali moja tu: wanakwenda pamoja au wanapishana?

Vioo vya mizani aghalabu si sahili hivyo. Tarakimu tano, kila moja na vijiti saba na nukta yake, ni vipande 40. Kwa njia ile zingehitajika nyaya 41. Wenye viwanda hupunguza gharama kwa kugawa mabamba ya nyuma yawe manne, yapokeane zamu, na nyaya za vijiti ziwe kumi. Nne na kumi ni 14, na nne mara kumi ni 40. Hesabu imetimia na nyaya zimepungua. Ila sasa umeme hauna hali mbili tena, juu na chini. Una ngazi nne. Msomaji hawezi kuuliza ndiyo au la, bali lazima apime ni ngazi ipi, na apime katika zamu inayohusika. Maikrokontrola nyingi zina miguu inayoweza kupima volti. Ile iliyomo katika ubao mdogo wa Arduino Uno, kwa mfano, ina miguu sita ya kazi hiyo na huhesabu mapigo milioni 16 kwa sekunde. Kwake yeye zamu za kioo ni kama mwendo wa kobe.

Pana sharti moja ambalo fundi asilipuuze: asikilize bila kunyonya. Umeme wa kioo ni haba, na waya wa kusikilizia ukivuta hata kidogo, tarakimu hufifia au huonekana vivuli. Msikilizaji mwema hamkatizi msemaji.

HERUFI NA HESABU YA ABJADI

Si vioo vyote vinavyoonyesha tarakimu peke yake. Vipo vyenye mistari miwili ya herufi 16 kila mmoja, na vingi katika hivyo hufuata desturi iliyowekwa na chembe ya HD44780 ya kampuni ya Hitachi ya Japani, iliyotoka miaka ya 1980. Kwa vioo hivi kazi ya kusoma ni nyepesi zaidi, kwani katika nyaya zake hupita herufi zenyewe, kila herufi ikiwa na nambari yake.

Wasomaji waliopita chuoni hawatashangaa kusikia kwamba herufi ina nambari. Wazee wetu waliijua hesabu ya abjadi: alifu moja, bee mbili, jimu tatu, hata kufikia ghaini elfu. Minjila ikiandikwa kwa mimu, nuni, jimu, yee, lamu na alifu, hesabu yake ni 40 na 50 na 3 na 10 na 30 na 1, jumla 134. Washairi waliweza kuficha mwaka mzima ndani ya neno moja kwa hesabu hiyo.

Kioo nacho kina abjadi yake. Herufi kubwa A ni 65, I ni 73, M ni 77, N ni 78. Tofauti ni kwamba abjadi ya wazee hujumlisha, na ya kioo hushika mpango: 77, kisha 73, kisha 78, moja baada ya moja. Kila nambari hupitishwa kama alama nane za ndiyo na la, na ili kuokoa nyaya hukatwa mara mbili, nne kwanza na nne baadaye. M hupita kama 0100, halafu 1101. Pana waya mmoja ambao ndio kengele: ukishuka kutoka juu kwenda chini, maana yake "chukua sasa." Maikrokontrola ya kusoma hungoja kengele hiyo ilie, hutazama nyaya nne, huandika, hungoja tena, hutazama, huandika, kisha huunganisha vipande viwili na kupata herufi.

Kwa kioo chako mwenyewe, ulichokiunganisha kwa mkono wako, ipo njia ya adabu zaidi. Kioo hicho kina kumbukumbu ya herufi 80, na una mguu wa kuchagua kati ya kuandika na kusoma. Ukiuelekeza upande wa kusoma, chenyewe kitakurudishia kilichoandikwa, herufi kwa herufi. Lakini mafundi wengi, kwa kuokoa waya mmoja, huufunga mguu huo upande wa kuandika moja kwa moja, na hapo kioo kikawa mtu wa kupokea tu asiyeulizwa neno.

Na hapa mwandishi wa Pwani ana la kusema. Ndani ya chembe ile mna herufi za Kirumi, na katika aina iliyoenea sana mna za Kijapani. Za Kiarabu hamna. Mwenye kutaka herufi asizozikuta huachiwa nafasi nane tu za kuchora zake, kila moja vitone vitano kwa upana na vinane kwa urefu. Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ambacho kwacho tenzi na barua za Lamu na Pate ziliandikwa kwa karne nyingi, hakiwezi kuingia katika nafasi nane. Herufi za Kiarabu ni 28, na kila moja hugeuza umbo ikiwa mwanzo, kati au mwisho wa neno, mbali na zile tulizoziongezea vitone kwa ajili ya pe na che. Vioo vikubwa vya leo vimeondoa dhiki hiyo, ila funzo limebaki. Chombo huja na lugha ya aliyekitengeneza, na anayetaka kusomewa kwa lugha yake sharti ajitaabishe kukifundisha.

KUONA SI KUSOMA

Tuseme sasa nyaya ziko sawa na tarakimu zimepatikana. Je, imekwisha kusomwa? Hata kidogo. Kuona tarakimu ni jambo moja, na kujua maana yake ni jambo jingine.

Chukua saa. Kioo chaonyesha 19:00, na kila mtu wa Minjila atasema ni saa moja usiku. Kioo chenyewe hakikusema saa moja! Msomaji ameondoa kumi na mbili, akaondoa sita, wala hakujiona akihesabu. Chombo kikitakiwa kitaje wakati kwa Kiswahili sharti kifundishwe hesabu hiyo, la sivyo kitatutangazia saa kumi na tisa tukabaki tunatazamana.

Mizani nayo ina mafumbo yake. Nukta ni kipande peke yake chenye waya wake, ukisahauliwa, 8.70 na 87.0 huwa kitu kimoja, na tofauti ni mara kumi. Kona ya kioo huonyesha kama ni kilo au ni ratili. Gunia la kilo 50 ni ratili 110. Kijiti kidogo cha mlalo mbele ya tarakimu chamaanisha pungufu ya sufuri, kama pale kikapu kilichokwisha kupimwa na kutolewa hesabuni kinapoondolewa. Na gunia linapotua, tarakimu hupanda na kushuka kabla ya kutulia. Msomaji mwenye pupa ataandika uzito ambao haukuwapo.

Kwa hiyo karani hupewa kanuni. Asome mara nyingi kwa sekunde. Asiandike mpaka tarakimu ile ile imerudi, tuseme, mara kumi mfululizo. Akishaandika tarehe, saa na uzito, asiandike tena mpaka kioo kimerudi sufuri, ili gunia moja lisiwe mawili. Na kwa kuwa chombo hiki umeme ukikatika husahau wakati, kiwekewe saa yenye betri yake.

Zaidi ya kuandika, chaweza kusema. Tarakimu zetu hazina maneno mengi: moja hata tisa, kumi hata tisini, mia, elfu, sufuri, nukta na kile kiunganishi "na". Maneno hayo hayafiki 30. Mtu mmoja mwenye sauti safi akiyatamka yakahifadhiwa, chombo kitaweza kutamka uzito wowote, na kama ni kwa Kipokomo au Kiorma, kazi ni ile ile. Mzee asiyeona tena, na mama ambaye hakupelekwa shule, wote watausikia uzito wa mali yao kwa wakati mmoja na dalali.

MTO, MITA NA MUHURI

Jambo hili halikomei kwenye mizani. Mto Tana hutembea takriban kilomita 1,000 kutoka milima ya bara hadi Kipini. Watu wa bonde hawajasahau mafuriko ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, wala ya 2018, wala yale yaliyoanza mwishoni mwa 2023 na kurudi 2024. Kina cha maji hupimwa, na nambari ya kina ndiyo inayomwambia mtu wa Ozi au Chara ahamishe watoto na mifugo leo asingoje kesho. Kipimo chenye kioo kikisomwa na mtu mmoja tu, mara moja kwa siku, mto haumngoji aamke. Kikiwa na karani wa kusoma usiku na mchana na kupeleka ujumbe kwa simu, nambari huyatangulia maji.

Ama mita za umeme za kulipia kabla, zile za kuingiza tarakimu 20, hizo nyingi zina taa nyekundu ndogo inayometa kwa kipimo maalumu, na idadi ya mimeto kwa kila yuniti huandikwa usoni mwa mita. Anayetaka kujua nyumba yake inakula umeme kiasi gani hana haja ya kukigusa kioo. Kidude cha kuhisi mwanga kikibandikwa mbele ya taa, maikrokontrola itahesabu mimeto kutoka nje.

Nasisitiza hilo la kutoka nje, maana lina uzito wa kisheria. Nchini Kenya mizani ya biashara iko chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513. Sharti ikaguliwe na kupigwa muhuri. Mita si mali ya mwenye nyumba, na kuichokora ni kosa. Basi asitokee kijana hodari akaifungua mizani ya watu kwa nia njema ya kuingiza nyaya, akavunja muhuri, na kuiharibia uaminifu ule ule aliotaka kuulinda. Nyaya za kioo zichezewe kwenye vyombo vyetu wenyewe, vya kujifunzia na vya nyumbani. Mizani nyingi kubwa zina tundu la nyuma lililowekwa makusudi kutolea data, na hilo latosha. Pasipo na tundu, kamera ndogo hukitazama kioo kama jicho la mtu, na maikrokontrola yenye nguvu kidogo huvitambua vile vijiti saba katika picha, bila skrubu hata moja kufunguliwa.

KARANI NA MASHAHIDI

Yote haya ni ya nini? Huko sokoni mali nyingi haziuzwi papo kwa papo. Mchuuzi huchukua magunia leo, huyapeleka Malindi au Mombasa, na hulipa akishauza. Hilo ni deni, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, imehusu deni: liandikwe, karani awe mwadilifu, na pawepo mashahidi. Hata katika biashara ya mkono kwa mkono, ambapo kuandika hakukulazimishwa, mashahidi wametajwa.

Angalia kwamba karani na shahidi ni watu mbalimbali. Maikrokontrola ni karani mzuri. Hana usingizi, hana jamaa, na kalamu yake haiteleza. Lakini aliyemfundisha ni mtu, na mtu akitaka aweza kumfundisha kupunguza kilo moja katika kila gunia, naye ataipunguza kwa uaminifu ule ule. Hivyo karani peke yake hatoshi.

Dawa twaijua tayari, maana tumeizoea. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mtu akituma pesa ujumbe hufika kwa mtumaji na kwa mpokeaji, wote wawili, kwa nambari moja ya kumbukumbu. Hakuna anayeliamini neno la mwenziwe, wala hapana haja, kwa kuwa kila mmoja ana karatasi yake mfukoni. Mizani ya Minjila nayo ifanye hivyo: uzito ukishatulia na kuandikwa, ujumbe uende kwa mnunuzi na kwa mkulima kabla gunia halijashuka. Na kabla ya ujumbe wa kwanza wa siku, jiwe la kilo linalojulikana uzito wake liwekwe juu ya sahani mbele ya watu, wote waone kama karani asema kweli. Hapo tutakuwa tumerudi kwenye pishi la wazee, lililojazwa hadharani kila mtu akitazama.

Sisi watunzi neno mizani twalijua kwa maana nyingine pia. Mstari ukipungua silabi moja, msikilizaji hulisikia pengo hata kama hakuhesabu. Nauaga ukurasa kwa ubeti mmoja, msomaji aupime mwenyewe kama umetimia:

Kioo hakina dhima, tarakimu ikitoka,
Huonekana mapema, kisha mara hufutika,
Mwenye macho ya kusoma, ndiye wa kuiandika,
Haki isiyoandikwa, mwenye nguvu huishika.